Kwa mama mdogo, kuhusu ule mkia wa -ed

Mama mdogo, shikamoo.

Picha ya daftari la zamu uliyonitumia Jumanne niliipata. Niliifungua nikiwa kwenye daladala, nikaikuza, nikahesabu maduara mekundu ya msimamizi wako: sita. Chini yake uliandika, "Mwalimu, niambie ukweli, mimi ni wa kufukuzwa?" Sikukujibu siku ile kwa sababu jibu lisingeenea kwenye ujumbe wa simu. Na kwa kuwa wenzako wawili wa stoo ya mashuka nao wameniuliza jambo lilelile, nikakuomba ruhusa niandike hapa hadharani, bila kulitaja jina lako wala la hoteli. Ulikubali kwa sharti moja tu, nisikucheke. Nitajitahidi. Kwenye neno moja nitashindwa, utaliona mwenyewe.

Uliandika hivi:

Room 12: I clean bathroom. I moped floor. I wash towels.
Room 14: I didn't changed sheets, guest sleeped.
Room 15: I emptyed dustbin, I checked fridge, I reported tap.

Vitenzi vinane. Saba kati yake ni vya kawaida, yaani vile ambavyo Kiingereza hukipata kitendo kilichopita kwa kuvibandika -ed mwishoni: clean, cleaned, wash, washed, report, reported. Kimoja tu, sleep, ndicho chenye tabia yake. Miaka yote umekuwa ukiniambia Kiingereza hakina kanuni, kila neno na lake. Basi angalia kazi yako ya kutwa nzima: kusafisha, kufuta vumbi, kukunja, kubadilisha, kupanga, kukagua, kupiga simu mapokezi. Clean, dust, fold, change, arrange, check, call. Vyote vinafuata mkia uleule. Wewe hukuchagua kazi hii kwa ajili ya sarufi, lakini sarufi imekupendelea.

Tuanze na clean na wash, ulizoziacha bila mkia. Najua kilichotokea. Sisi wakati tunauweka mbele. Ukisikia "nili-" umeshajua jambo limepita, hata kitenzi chenyewe hakijafika. Mwisho wa kitenzi chetu ni mahali pa mambo mengine, nani kafanyiwa, nani kafanyishwa, nani na nani wamefanyana. Si mahali pa jana na leo. Mwingereza anakungojesha mpaka anapokaribia kufunga mdomo ndipo akuambie kwamba ilikuwa jana. Tena mara nyingi anaimeza. Mgeni akikuambia "I asked the man at the desk" kwa kasi ya mwenye haraka ya kwenda ufukweni, ile -ed huisikii hata ukitega masikio yote mawili. Unasikia ask. Kumbe kasema asked, mkia umekufa katikati ya konsonanti. Ndiyo maana kwenye kuandika usiliamini sikio. Jiulize tu: kazi imekwisha au bado? Imekwisha, weka -ed.

Kwenye kusema, hata hivyo, sikio ndilo mwalimu, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipowaona wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wakiaibika bure. Wametoka shule ya msingi ya Kiswahili, wanaingia darasa ambalo kila kitu ni Kiingereza, wanaiona -ed, wanaisoma kama ilivyoandikwa: "woshidi", "kukidi", "chekidi". Na wewe siku ile kwenye simu ulisema "klinidi". Sasa, -ed ina sauti tatu, na haichagui kwa kubahatisha.

Nikuulize kwanza jambo. Ukimwambia mwenzako akupangie mashuka, unasema "nipangie". Akufutie meza, "nifutie". Lakini akikuoshea vikombe, "nioshee", na akikuletea foronya, "niletee". Nani alikufundisha kwamba panga na futa zichukue -ia, ila osha na leta zichukue -ea? Hakuna. Mdomo wako unajua kwamba baada ya e na o inafaa -ea, na baada ya a, i na u inafaa -ia. Ukimsikia mtu anasema "niletie" unajua si mtu wa kwetu. Mkia unafuatana na sauti iliyoutangulia. Basi -ed nayo ni hivyohivyo, isipokuwa yenyewe haiangalii irabu, inaangalia koo.

Weka vidole kooni. Sema "zzz". Koo linatetemeka. Sema "sss". Limetulia. Watu wa isimu huziita sauti ghuna na zisizo ghuna, lakini vidole vinatosha. Kitenzi kikiishia na sauti iliyotulia, kama k, p, f, s, sh, ch, mkia unakuwa t: checked, mopped, washed. Kikiishia na sauti inayotetemeka, au irabu, mkia unakuwa d: cleaned, changed, called, emptied. Na kikiwa chenyewe tayari kinaishia na t au d, hapo ndipo tu silabi mpya inaongezeka, "-id": dusted, folded, reported, wanted. Kwa nini? Kwa sababu t juu ya t haitamkiki, lazima upenyeze irabu katikati. Hiyo "-id" uliyoipenda wewe ipo, mama mdogo, ila ina wateja wake maalumu.

Utaniambia, mdomo wangu hauwezi kumaliza neno kwa kt. Silabi zetu zinapenda kuishia na irabu, kweli. Lakini kt unayo tangu utoto. Sema "daktari". Sema tena, sasa ukatie njiani: dakt... Hapo ulipoishia ndipo checked inapoishia. Mopped je? "Kapteni", ukate: kapt... Washed iko ndani ya "mashtaka": masht... Passed iko ndani ya "bustani": bust... Waliotuletea maneno hayo kutoka Arabuni na kwingineko walitufanyia mazoezi bila kujua. Na neno linalofuata likianza na irabu, shida imekwisha kabisa, kwa sababu mkia unarukia huko: checked it unaitamka "chek-tit", cleaned it inakuwa "klin-dit". Fanya mazoezi na it kwanza. Ukizoea, iondoe.

Twende Room 14. I didn't changed. Hili ndilo kosa ninalolisikia hata kwa watu wenye shahada, na nakuomba uliwazie kwa Kiswahili. Nilibadilisha: wakati umebebwa na -li-. Ukikanusha, sikubadilisha: -li- imeondoka, -ku- imeshika zamu. Hawakai wawili kwenye zamu moja. (Usinitege na "sikulibadilisha", ile -li- ni ya shuka, si ya wakati.) Kiingereza nacho ni vivyo hivyo: did imeshabeba wakati, kwa hiyo change inarudi mikono mitupu. I didn't change the sheets. Msimamizi akiuliza, Did you clean room 12? Angalia, clean haina mkia, maana did ipo. Wewe unajibu, Yes, I cleaned it. Did imetoka, mkia umerudi. Kwenye daftari la makabidhiano hili lina uzito wake: anayeingia zamu ya jioni akipitisha macho haraka na kuona changed, anaweza kudhani mashuka yameshabadilishwa, akapita.

Sasa neno lenyewe. Moped.

Nimecheka, nisamehe. Kitenzi mop, kupiga deki, kina jirani yake aitwaye mope, ambaye maana yake ni kununa, kuzubaa kwa huzuni. Mope inaishia na e, kwa hiyo inaongeza d tu: moped. Mop ni neno fupi, irabu moja, konsonanti moja mwishoni, na maneno ya umbo hilo yanairudufu ile konsonanti kabla ya kupokea -ed: mop, mopped, drop, dropped, stop, stopped, plug, plugged. Kwa hiyo kwa p moja iliyopungua umemwandikia msimamizi wako kitu kinachokaribia kusema ulinuna sakafuni Room 12. Nadhani ndiyo maana duara lile lilikuwa kubwa kuliko mengine.

Clean hairudufu kwa sababu ina irabu mbili, ea. Check hairudufu kwa sababu tayari inaishia na konsonanti mbili. Na w, x na y hazirudufiwi kabisa: fixed, showed, stayed. Kwa maneno marefu kidogo, tazama mkazo uko wapi. Prefer inakaza mwishoni, basi preferred. Visit inakaza mwanzoni, basi visited, t moja. Hili linatusumbua kwa kuwa Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, mchana na usiku, hatujazoea kuutafuta mkazo. Na usishangae ukiona mgeni wa Uingereza ameandika kwenye barua pepe cancelled na wa Marekani ameandika canceled. Wote wamefuta chumba, na wote wako sawa kwao.

Emptyed nayo ni ya kurekebisha kidogo tu. Y ikitanguliwa na konsonanti inageuka i: emptied, carried, tidied. Ikitanguliwa na irabu inakaa: stayed, played. Basi.

Limebaki sleeped, na hapa nakutetea. Msimamizi wako yuko sahihi, ni slept. Lakini wewe ulifanya kitu cha akili: ulijua kanuni, ukaitumia. Watoto wa Kiingereza wenyewe husema goed na sleeped kabla hawajarekebishwa. Na lugha yao nzima imekuwa ikienda upande huohuo. Help ni kitenzi cha kawaida leo, helped, lakini ukifungua Biblia yao ya mwaka 1611, Luka 1:54, utakuta holpen. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya vitenzi 177 vilivyokuwa na ukaidi katika Kiingereza cha kale. Vilivyobaki na ukaidi hadi leo ni 98. Vingine vimekubali -ed kimoja kimoja. Vinavyogoma ni vile vinavyotumika kila siku, be, have, go, take, kwa kuwa mtu huvisikia kila saa na hapati nafasi ya kuvisahau. Na sisi tuko hivyo. Kumwamrisha mtu tunasema soma, pika, fagia, lakini hatusemi "ja!" wala "enda!" wala "leta!". Tunasema njoo, nenda, lete. Angalia ni maneno gani: yale yale ambayo mama humwambia mtoto tangu asubuhi.

Kwa sleep, zaidi ya hayo, ulikosa nusu tu. Slept ina mkia wa t kama mopped. Kilichobadilika ni irabu iliyofupika. Ndugu zake wawili wamo kwenye kazi yako, uwakariri pamoja: sweep, swept, keep, kept.

Jambo la mwisho ni la kukupunguzia kazi. Kitenzi cha kawaida ukishakiweka -ed, umepata vitu vitatu kwa bei ya kimoja. I cleaned, nilisafisha. I have cleaned, nimesafisha. Room 12 was cleaned, chumba kilisafishwa. Umbo halibadiliki. Kwenye vingi vya vile vikaidi hupati punguzo hilo: took ni moja, taken ni nyingine, na lazima uzijue zote mbili. Hivyo ukiwa na haraka na hukumbuki took, andika I collected the towels. Hakuna atakayejua kwamba ulikuwa unakwepa. Mimi nilifaulu mitihani kadhaa kwa njia hiyo.

Ukurasa wako, basi, ungesomeka hivi:

Room 12: I cleaned the bathroom. I mopped the floor. I washed the towels.
Room 14: I didn't change the sheets, the guest was asleep.
Room 15: I emptied the dustbin, I checked the fridge, I reported the tap.

Zile the sijazieleza, najua, wala kwa nini slept imekuwa was asleep. Ni shughuli nyingine, nitakupigia Jumapili. Nitumie picha ya ukurasa wa Ijumaa, na uniambie kama lile bomba la Room 15 limetengenezwa.

Marahaba yako naisubiri.
Mwanao