Kasi imo kwenye vituo, si kwenye ulimi

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini usimulizi wako wa kitabu cha kusikiliza unasikika kama taarifa ya habari, ilhali hadithi yenyewe ni ya majonzi. Sauti yako haina ubaya. Shida ni kwamba vituo vyako vyote vina urefu mmoja: penye mkato nusu sekunde, penye nukta nusu sekunde, hata aya mpya nusu sekunde. Sikio likishazoea mdundo huo, halifuati tena maneno.

Anzia kwenye karatasi. Soma aya kwa sauti huku ukitia mshazari mmoja (/) penye kituo kifupi na miwili (//) penye kirefu. Mkato uupe kama theluthi ya sekunde, nukta karibu sekunde moja, aya mpya moja na nusu hadi mbili. Si sheria, ni pa kuanzia tu. Mikato mingine imewekwa kwa ajili ya jicho, iruke.

Chukua sentensi hii: "Mama alifungua mlango, akaiona barua, akakaa chini." Wengi hukimbiza mwanzo, kisha huomboleza mwisho. Wewe vipande viwili vya kwanza visome kwa mwendo wa kawaida, tena mkato wa kwanza upite bila kusimama. Baada ya "barua", nyamaza sekunde nzima. Ndipo useme "akakaa chini", sauti ikishuka kidogo, bila kuitetemesha. Huzuni imeshaingia katika kile kimya. Ukiongeza na kilio, msikilizaji hana la kuhisi, umeshahisi kwa niaba yake. Na kwa kweli mwenye uchungu mara nyingi hujizuia asilie. Igiza huko kujizuia.

Penye mbio na fujo, punguza vituo, usibane silabi. Kiambishi kimoja kikimezwa maana imegeuka: "alikimbia" si "alikimbilia". Kwa hiyo usijipime kwa zile hesabu za maneno 150 kwa dakika wanazotumia wasomaji wa Kiingereza. Neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Kasi hiyo itakuvunja ulimi.

Neno ukitaka litokeze, vuta kidogo silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo unapokaa: "mbaali". Kupaza sentensi nzima hakusaidii, kunachosha tu. Angalia pia maswali. "Amekuja." na "Amekuja?" huandikwa sawa, tofauti ni kiimbo, na alama yenyewe iko mwisho. Jicho lisipotangulia, utalisoma swali kama taarifa na kulazimika kurudia.

Hisia huanza kwenye pumzi kabla ya neno. Mwenye hofu huvuta pumzi fupi ya juu kifuani; aliyechoka huishusha kwanza, ndipo aseme. Vuta kama mhusika, na wakati wa kuhariri usizifute pumzi zote, zipunguze tu sauti. Zikiisha kabisa, msimulizi husikika kama mashine.

Maikrofoni ikae kama sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisiipige kwa upepo. Mhusika akipiga kelele, rudi nyuma au geuza uso, akinong'ona, sogea. Usiguse kipimo cha sauti katikati ya sura.

Ukikosea, rudi mwanzo wa sentensi, kamwe usianzie katikati ya neno. Kabla ya kuendelea, sikiliza sentensi mbili zilizotangulia ili ukamate mwendo na hali ileile. Bila hivyo kiraka kitasikika, hasa ukiendeleza jioni ulichoanza asubuhi sauti ikiwa bado nzito ya usingizi.

Ile aya ya mazishi katika hadithi yako irekodi mara mbili: kwanza kavu kabisa, ukifuata mishazari tu; kisha na hisia zote unazotaka. Nitumie zote mbili. Nashuku ile kavu itahitaji marekebisho machache zaidi.

Wako,
Salma