Umeme wa gatini na chaja zako

Msasani, Dar es Salaam

Ndugu yangu Sefu,

Salamu nyingi kwako na wote nyumbani. Umeuliza kama unaweza kuchaji laptopu, simu na redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) ukiwa botini, kwa umeme wa gatini. Unaweza, ila chaja ndiyo ya mwisho kuihangaikia. Anza na waya na plagi.

Soketi ya bluu ya matundu matatu ni ya volti 230 na ampea 16, yaani wati 3,680 kwa boti nzima. Laptopu na simu hazifiki hata wati 200. Walaji ni birika na kiyoyozi. Tumia waya wa mpira wenye nyuzi tatu za milimita za mraba 2.5, usiozidi mita 25, na uukunjue wote hata kama gati liko hatua nne. Ukiachwa umezungushwa, joto linabaki humo humo mpaka mpira unalainika.

Zima breka zote mbili, ya boti na ya gatini. Chomeka upande wa boti kwanza, kisha gatini, ndipo uwashe. Ukiondoka, zima na uchomoe gatini kwanza, ili usije ukashika juu ya maji plagi yenye umeme.

Baada ya nusu saa zima, chomoa, ushike plagi. Ikiwa ya moto, pini hazishiki vizuri. Tazama kwa karibu: ukungu wa kijani ni shaba inayoliwa na chumvi, na doa la kahawia kwenye plastiki ni mwanzo wa moto. Hiyo usiisugue, badilisha plagi.

Tafadhali Sefu, waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, usikatwe. Wapo wanaoukata kwa sababu zinki za chini ya boti, zile zinazoliwa na kutu badala ya chuma cha boti, zinaisha haraka, na kweli mkondo mdogo hupita kwenye ethi kati ya boti na boti ukazila. Lakini bila ethi, chaja ikivuja umeme unaingia kwenye chuma cha boti na majini, na hapa watoto hawaachi kupiga mbizi. Dawa ni kufunga kizuia mkondo wa kutu kwenye ethi, au transfoma ya kutenganisha umeme wa boti na wa gatini. Breka ya kinga ya miliampea 30, inayokata umeme ukivuja, iwepo pia. Bonyeza kitufe chake cha T, cha kuijaribu, kila mwezi. Ikikata yenyewe usiirukie kwa waya: chomoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

Umeme ukikatika, zima breka ya boti na usubiri dakika tano baada ya umeme kurudi ndipo uwashe. Soma kila chaja: iandikwe 100–240V, 50/60Hz. Iliyoandikwa 120V tu, ya boti za Marekani, itaungua.

Simu na redio ni bora zaidi zichajiwe kwa volti 12 za betri, kupitia soketi ya USB yenye fyuzi. Ukipata nafasi nitumie picha ya pini za plagi yako, niziangalie kabla hujachomeka.

Rafiki yako,
Hamisi