Hiyo chmod 777 ndo inayoua ufunguo

Mhariri,

Kwenye safu yenu ya teknolojia mwandishi kaeleza vizuri tu namna ya kuingia seva ya mbali kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali kupitia mtandao) bila paswedi, ssh-keygen ya kutengeneza ufunguo halafu ssh-copy-id ya kuupeleka kwenye seva, basi. Ila pale aliposema ikigoma piga chmod 777 (amri ya kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika) kwenye folda ya .ssh, jamani hapana!

OpenSSH, programu ya SSH iliyoko kwenye seva nyingi, ina kitu kinaitwa StrictModes, usipokigusa kimewashwa muda wote, kazi yake kuangalia nani anaweza kuandika kwenye faili la authorized_keys (orodha ya funguo zinazokubaliwa), kwenye .ssh na hata kwenye home yako yenyewe, yaani folda yako kuu, ikikuta mtu mwingine anaruhusiwa kuandika hapo inaukataa ufunguo kimyakimya, maana yeyote angeweza kuchomeka wa kwake. Wewe huambiwi kitu, unaombwa paswedi tu kama kawaida, ndo maana watu wanatengeneza funguo mpya kila siku na ule wa kwanza haukuwa na tatizo lolote. Weka .ssh 700 na authorized_keys 600, yaani ni wewe peke yako unayeruhusiwa, na kwenye home, group na watu wengine wasiwe na ruhusa ya kuandika. Hiyo ya home ndo wengi wanaisahau.

Ukipiga ssh -v (inaonyesha kila hatua) upande wako utaona ufunguo umepelekwa na haukupokelewa, sababu huioni. Sababu iko kwenye logi ya seva, Ubuntu ni /var/log/auth.log, Red Hat ni /var/log/secure, pale imeandikwa kabisa "bad ownership or modes" na njia ya folda yenye shida. Nani anaanzia huko? Wote tunakimbilia Google.

Kwenye Red Hat kuna SELinux pia, ulinzi wa ziada wenye lebo zake kwenye mafaili, hivyo permisheni zikiwa sawa na bado inagoma jaribu restorecon -R ~/.ssh irudishe lebo hizo kabla hujaizima SELinux yote (tabia nyingine mbaya hiyo). Na kama ilikuwa inaingia ikaacha baada ya kuapdeti seva, basi angalia umri wa vitu vyako: funguo za aina ya zamani ya DSA zilizimwa kwenye OpenSSH 7.0 mwaka 2015, na 8.8 ya 2021 ikazima sahihi za RSA za SHA-1 (mbinu ya zamani ya ufunguo kujithibitisha), klayenti za zamani zinagonga mwamba hapo.

Mtaalamu Tatu Ylönen aliitunga SSH kule Finland mwaka 1995 baada ya paswedi kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, leo hii sisi tunafundishana 777. Naomba mlirekebishe kosa hilo toleo lijalo, wapo watakaolifuata hivyohivyo kwenye seva za kazini.

Fundi wa seva, Dodoma