Mama, friji ni nzito ndio, lakini bado tutaifunga

Juzi tulikuwa Tudor hapa Mombasa tunampakia mteja anahamia Likoni, mama wa makamo amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi anatuangalia tukizungusha mikanda kwa friji, akanambia mwanangu, hio mia tano ya kufunga ni ya nini na friji yenyewe mmeibeba watu wanne mkitweta, itaenda wapi? Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, kwa hivyo wacha nilijibu hapa niwe natuma linki tu.

Uzito haushiki mzigo. Kinachoshika ni msuguano, yaani vile chini ya friji na sakafu ya bodi ya gari, pale nyuma mzigo unapokaa, zinang'ang'aniana, na shuleni wanauita msuguano tuli maanake unafanya kazi kitu kikiwa bado hakijasonga. Ni kweli kitu kizito kinang'ang'ania zaidi, lakini dereva akikanyaga breki kitu hichohicho kizito ndicho kinachotaka kwenda mbele kwa nguvu zaidi, sasa hizo mbili zinapanda pamoja na uzito hausaidii kitu. Sanduku la kilo 80 na la kilo 5, yakiwa na kitako cha mbao ileile, yataanza kuteleza kwa breki ileile.

Chukua mbao kavu juu ya chuma, msuguano tuseme 0.4. Sanduku la kilo 100 linashikwa kama na kilo 40 hivi. Breki ya nguvu kwa lami kavu inalisukuma mbele kama kilo 60. Hizo 20 zilizobaki nani anazishika? Breki ya kawaida, ile umeiona taa nyekundu ukiwa mbali, haifiki hata kilo 25 na mzigo unatulia, ndio maana mtu anabeba mwaka mzima bila kamba anajiona fundi.

Sisi tulijifunza kwa matailizi. Katoni 30, zaidi ya kilo 700, tukasema hizi hata tingatinga haizitoi. Asubuhi yake bodi ilikuwa imebeba mchanga wa ujenzi na tanboi alifagia juujuu tu, chembe zikabaki kwa sakafu kama gololi. Daraja la Nyali tuktuk ikatuingilia mbele bila indiketa, dereva akakanyaga. Nilikuwa kebini, nikasikia kwanza mkwaruzo, haukufika hata sekunde, halafu kishindo mgongoni kwangu. Bati la kebini likabonyea na katoni nane tukazilipa sisi, na mwenye tuktuk hata hakugeuka nyuma. Ubaya ni kwamba kitu kikishaanza kuteleza msuguano unapungua, ni kama kusukuma kabati, mwanzo unakazana mpaka mshipa wa shingo unatoka halafu likishaamka linaenda lenyewe.

Ukitaka kujipimia nyumbani chukua ubao wa mita 1, weka kitu juu yake, inua ncha moja polepole. Kikianza kuteleza ncha ikiwa sentimita 37 hivi juu, hio ndio 0.4. Mwaga mchanga kidogo urudie uone.

Siku hizi tunafagia kwelikweli, tunatandika raba chini, ambayo inafika 0.6 na zaidi ikiwa kavu na safi, halafu mikanda. Mkanda ukipita juu ukakazwa unakandamiza mzigo chini, msuguano unaongezeka bila kuongeza uzito. Mzigo mfupi kama matailizi hapo umemaliza.

Lakini friji ina mambo yake. Ina urefu wa sentimita 170 na kina cha 60, kwa hivyo haingoji kuteleza, inaanguka. Gawa 60 kwa 170 upate kama 0.35, yaani breki ya kusukuma kilo 35 kwa kila 100 inatosha kuiangusha kabla haijafika ile 40 ya kuteleza, sema kompresa iko chini inasaidia kidogo. Ukiiwekea raba peke yake umeshika miguu na kichwa umekiacha kiende. Ndio maana tunaiegemeza kwa ukuta wa kebini kisha tunaifunga juu, karibu na kichwa, na tena chini.

Na Likoni kuna ule mteremko wa kuingia feri, maji yakipwa unakuwa mkali, sehemu ya mshiko ishaliwa na mteremko kabla dereva hajagusa breki, halafu pale huwezi kuteremka bila kuigusagusa.

Mama alitoa mia tano yake huku ananung'unika. Tumefika, friji haijasonga hata inchi, akaifungua kwa furaha kutuonyesha, trei nzima ya mayai ilikuwa imemwagika mpaka kwa droo ya mboga. Sasa hilo tunaongeza kwa meseji ya kubuking: toa vilivyo ndani ya friji, mikanda yetu inaishia nje.