Songket yako usiikunje

Mwenzangu Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera kwa kupata songket, kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa uzi wa dhahabu, kutoka Terengganu huko Malaysia. Kwanza kabisa, kikunjue. Uzi wa dhahabu hukatika penye mkunjo, kwa hiyo kizungushie kwenye bomba la karatasi. Usikifue, wala usikipulizie manukato. Kipe hewa kivulini, basi.

Umeuliza mbona ghali. Jibu limo ndani ya jina: sungkit kwa Kimalei ni kudokoa na kunyanyua. Mtande wa hariri, yaani nyuzi za urefu, ukishakazwa, mfumaji huhesabu nyuzi zake tatutatu au tanotano huku akipenyeza chelewa, hizihizi za mnazi tunazofungia fagio. Wao huziita lidi. Kila chelewa ni mstari mmoja wa ua. Kisha kila mstari hufungiwa vitanzi vya uzi, ili baadaye avute kitanzi tu, asimamishe kibao ili nyuzi ziachane, apitishe dhahabu, agonge. Baada ya dhahabu hupita mshindio wa hariri, yaani uzi wa upana, ndio unaoishikilia.

Kuhesabu ndiko kugumu. Akiruka uzi mmoja, vitanzi vitalirudia kosa hilo kila vinapovutwa, na ua litapinda tangu mwanzo wa kitambaa hadi mwisho. Hapo hapatengenezeki kwa sindano; ni kufungua na kuhesabu upya. Akigonga mara kwa nguvu, mara kwa ulegevu, pembetatu za ua hurefuka. Na dhahabu ikiruka nyuzi nyingi bila kushikwa, pete ya kwanza itakayopita itainasa.

Hizo pembetatu ulizoziona ni pucuk rebung, chipukizi la mwanzi. Hukaa kwenye kepala, yaani kichwa cha kitambaa. Kwingine kote ni badan, mwili. Wewe uliyezoea pindo na mji wa kanga hutapotea. Rangi ya manjano zamani ilikuwa ya ukoo wa kifalme, na bwana harusi huvaa songket kwa kuwa siku hiyo huitwa raja sehari, mfalme wa siku moja.

UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliiweka songket ya Malaysia kwenye orodha yake ya turathi za utamaduni mwaka 2021. Nimefurahi, lakini naona itadumu pale tu anayehesabu nyuzi atakapolipwa kwa siku zote za kuhesabu, maana siku hizo hakuna hata shubiri moja ya kitambaa inayoonekana. Songket ya kupigwa chapa, isiyofumwa ua, huuzwa kwa bei ya chini na kwa mbali inapendeza. Pitisha kidole: kwenye chapa hakuna uzi ulioinuka.

Nipigie picha ya upande wa nyuma, karibu na ukingo, mchana penye mwanga.

Wako,
Mwanaidi