Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kurusha ndege za mizigo

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu jicho langu limesimama kwenye mstari ule ule: "Dada, ni siku 17 kazini na siku 13 nyumbani, na sasa hivi hata siku 9 sizipati." Uliniomba nimuulize shemeji yako anaonaje kuhusu mkataba huo wa ndege za mizigo. Nimemuuliza, naye amejibu kirubani, kwa maneno machache: ndege nzuri, mshahara mzuri, atie sahihi. Mimi nitakujibu kama mtu aliyeishi na rubani wa mizigo kwa miaka 14, na ninakujibu hadharani kwa ridhaa yako, kwa sababu wapo wengine waliosimama kwenye njia panda hiyo hiyo na hawana dada wa kumuuliza.

Kwanza nikutoe wasiwasi kwamba nitakukataza. Kazi hiyo imetulisha na kutusomeshea watoto. Mwaka 2020, ndege za abiria zilipoegeshwa na wenzake wengi wa zamani wakakaa nyumbani bila kujua hatima yao, shemeji yako aliruka kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa takriban nusu ya mizigo ya anga, ile ambayo kwa kawaida husafiri chini ya miguu ya abiria, ilikuwa imekosa usafiri. Lakini mwaka huo huo nilimwona upande wa pili. Nchi kadhaa ziliwataka wafanyakazi wa ndege wabaki chumbani hotelini tangu kushuka hadi kupanda tena, na kuna usiku alinipigia kutoka Hong Kong akiwa kwa siku mbili hajafungua mlango ila kuokota chakula kilichowekwa chini. Mshahara ulikuwa unaingia kama kawaida. Hayo yote mawili ni kweli, na sitaki ulisikie la kwanza peke yake.

Tuanze na hizo siku 13. Uliza kituo chako cha kazi kitakuwa wapi, kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: siku ya kusafiri kwenda kituoni ni ya nani, yako au ya kampuni? Zipo kampuni zinazokuchukua kwenye uwanja wa ndege ulio karibu na nyumbani, na kazi inaanza kuhesabiwa hapo. Zipo nyingine zinazokutaka uwe umesimama mbele ya ndege saa fulani, na namna ulivyofika ni shauri lako. Shemeji yako alikuwa kwenye hizo za pili kwa miaka sita. Toa siku moja ya kwenda na moja ya kurudi, zinabaki 11. Siku mbili za kwanza nyumbani ni za usingizi, wala si usingizi wa mtu aliyechoka bali wa mtu ambaye mwili wake haujui uko wapi, zinabaki 9. Siku ya mwisho, ingawa yumo ndani ya nyumba, amekwisha kuondoka: analala mchana ili aweze kukesha, anapiga pasi mashati, anapitia nyaraka za kampuni, na ukimwambia jambo anaitika bila kusikia. Zinabaki 8, na katika hizo 8 watoto huwa shuleni siku 5 au 6.

Sikufanyii hesabu hii ili nikutishe. Siku 8 mfululizo ambazo simu ya kazi hailii ni kitu ambacho rubani wa safari fupi za abiria, anayerudi kila usiku akiwa hoi na kuamka alfajiri, anaweza kumaliza mwaka bila kukipata. Ninachotaka ni kwamba uamue ukiwa umeshika 8 mkononi, si 13.

Kuhusu huo usingizi, wewe unaijua ramani kuliko mimi, lakini mimi nimeishi na ratiba zake. Kifurushi hukusanywa jioni na hutakiwa kufika asubuhi, kwa hiyo katika vituo kama Memphis na Louisville, Marekani, ndege hutua usiku moja baada ya nyingine, mizigo ikachambuliwa, nazo zikaruka tena kabla hakujapambazuka. Safari ndefu zina mateso ya aina nyingine. Boeing 747-8 ya mizigo inaweza kubeba zaidi ya tani 130, lakini ikishiba hivyo haiwezi kubeba na mafuta ya kuivusha kwa mruko mmoja kutoka mashariki ya Asia hadi ndani kabisa ya Marekani, hivyo hutua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta na kubadilisha marubani. Anchorage nimeichukia bila kufika. Kati yake na Hong Kong kuna tofauti ya saa 16 au 17 kutegemea majira, na inasemwa kwamba mwili huhitaji karibu siku moja kuizoea kila saa moja ya tofauti. Shemeji yako hukaa usiku mmoja au miwili na kugeuzwa alikotoka. Mwili hauzoei popote. Ndiyo maana usiku wa kwanza nyumbani, saa 9, namkuta jikoni akila kiporo gizani, polepole, ili kijiko kisigonge bakuli na kutuamsha.

Jambo hili lina sura nzito kuliko kiporo. Tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya mizigo aina ya Airbus A300 iliyotoka Louisville ilianguka ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, muda mfupi kabla ya saa 11 alfajiri, na marubani wote wawili wakafa. Bodi ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilieleza makosa ya namna walivyoshuka kuelekea uwanjani, na miongoni mwa yaliyochangia ikautaja uchovu wa rubani msaidizi, uliotokana na kutolala vya kutosha katika saa zake za mapumziko. Nilipoisoma sentensi hiyo nilikumbuka simu zangu zote za jioni, nikiulizia bomba linalovuja au karatasi ya shule, nikimwamsha mtu ambaye kwake ilikuwa saa ya kulala kabla ya kurusha ndege usiku. Tangu siku ile mimi huandika, naye hupiga akiamka. Mkeo aijue kanuni hiyo kabla ya siku ya kwanza, na wewe usimwonee haya kumwambia "nalala." Tena soma mkataba ujue utaruka chini ya sheria za nchi gani. Sheria za Marekani za saa za kazi na mapumziko ya marubani zilizoanza kutumika Januari 2014 zinawabana wanaorusha abiria. Ndege za mizigo ziliachwa nje, isipokuwa kampuni ikichagua yenyewe kuzifuata. Sijapata kuelewa ni kwa nini rubani mwenye maboksi nyuma yake adhaniwe kuwa hachoki sawasawa na mwenye watu.

Sasa nije nyumbani, ambako ndiko hasa ulikoniuliza, ingawa uliniuliza kwa lugha ya siku.

Binti yetu mdogo alipokuwa na miaka mitatu, baba yake alirudi baada ya siku 16. Akabisha hodi, mtoto akakimbia kufungua, akamtazama kutoka viatuni hadi kofiani, kisha akasogeza kiti na kumwambia kwa adabu zote, "Karibu, keti." Sote tulicheka. Yeye alikaa kwenye kile kiti na sanduku lake kando, akakaa kwa muda mrefu, na usiku ule hakula. Mtoto hakuwa amemsahau, kwa maana kila siku alimwona kwenye simu. Alichofanya ni kumpanga pale anapowapanga watu wanaokuja na kuondoka, na kwa umri wake hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yako ya 13.

Kosa letu lilianzia hapo, kwa sababu tuliugeuza kila ujio wake kuwa sherehe. Watoto walilala usiku wa manane, kazi za shule zikaahirishwa, na mimi nikawa mwenye nyumba wa siku za huzuni huku yeye akiwa mgeni wa siku za raha. Akijiona mgeni alijaribu kuwa mwenyeji kwa nguvu: alibadilisha saa ya watoto kulala, akahamisha msumari wa kutundikia funguo, akauliza kwa nini bili fulani imelipwa hivi na si vile. Tuligombana juu ya ule msumari kwa siku mbili nzima, kati ya zile 8. Nyumba ilikuwa na kepteni wake wakati yeye hayupo, na hakuna kepteni anayefurahia kuporwa usukani na mtu aliyepanda katikati ya safari. Kilichotusaidia kilikuwa kidogo: siku ya tatu, akishalala vya kutosha, alianza kupeleka watoto shuleni, kukagua madaftari na kukemea inapobidi kukemea. Sherehe zikapungua, na yule binti akaacha kumsogezea kiti.

Kuna usiku mmoja ambao mpangilio wowote usingeuponya, na sitakuficha. Kijana wetu alilazwa ghafla, anapumua kwa shida, na baba yake alikuwa juu ya Pasifiki. Nilimwandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, ujumbe ukabaki na tiki moja ya kijivu. Nilijua kwamba kampuni inaweza kupeleka ujumbe hadi kwenye chumba cha marubani, na namba ya kupiga nilikuwa nayo. Nilikaa na ile simu mkononi nikijiuliza: nimwambie mtu aliye juu ya bahari usiku, mwenye tani 100 nyuma yake na saa sita mbele yake, ili afanye nini? Sikupiga. Mtoto alianza kupumua vizuri kabla ya tiki ya pili kuonekana. Shemeji yako aliponisikia aliniambia nimefanya vyema, na mwezi mmoja baadaye, bila kuulizwa, akaniambia angependa kujua. Mpaka leo hatujakubaliana juu ya hilo. Ninyi wawili mnapaswa kulijadili sasa mkiwa mmekaa mezani, kabla mmoja wenu hajawa peke yake hospitalini.

Najua utaniambia kwamba utajaribu mwaka mmoja, ikishindikana utarudi ulipo. Hapo ndipo penye mtego, na wewe unaujua ila hutaki kuutazama. Katika kampuni nyingi kila kitu, tangu likizo na njia unazoruka hadi lini utakuwa kepteni, hufuata nafasi yako kwenye orodha ya waliotangulia, na nafasi hiyo haihamishiki. Ukiondoka ulipo unaanza chini ya orodha huko uendako, na ukirudi unaanza chini tena. Aliye chini hupewa likizo katika miezi ambayo hakuna anayeitaka, na huruka kuanzia Oktoba hadi Desemba, mizigo inapofurika na familia nyingine zinapokusanyika. Kwa hiyo orodha inakwambia nenda sasa, kwa sababu kila mwaka unaochelewa kuna watu wanaingia mbele yako. Mwanao ana miaka miwili, naye anakwambia ngoja. Una miaka 36, na kikomo cha kimataifa kwa kazi yenu ni miaka 65. Miaka 29 iliyobaki inatosha kuchelewa kidogo bila kukosa ukepteni.

Umetaka maoni yangu, basi chukua haya. Kama mkataba unahesabu siku za kusafiri kuwa ni za kampuni, nenda sasa, na shika nafasi yako kwenye orodha. Kama unazihesabu kuwa ni zako, ngoja mpaka mtoto afikie umri wa kuelewa "baba anarudi Jumanne," hata ukiipoteza nafasi hii. Shemeji yako anaona naongeza chumvi, na ana haki yake. Lakini si yeye aliyekuwa anamjibu mtoto mlangoni.

Juu ya yote hayo, sijasikia katika ujumbe wako neno moja la wifi yangu. Umeandika kwamba "ataelewa." Mimi pia nilielewa, kwa miaka minne ya kwanza, mpaka nikagundua kwamba nimeiacha kazi yangu bila mtu yeyote kuniomba niiache, kwa sababu tu zamu zake hazikuacha nafasi ya zangu. Usimpelekee ahadi wala mshahara. Mtafute mtu aliyemo kazini akupe ratiba zake za miezi mitatu iliyopita, zile zilizorukwa kweli, si zile zilizochapishwa mwanzoni mwa mwezi kabla ya kubadilishwa, mkae mzipige mstari pamoja kwenye kalenda yenu: siku ya kuzaliwa mtoto ingeangukia wapi, mitihani ya wifi ingeangukia wapi, nani angekuwa nyumbani mama akiumwa. Akishaiona kalenda hiyo, atakachosema kichukue kama kilivyo.

Shemeji yako anatua Alhamisi. Njooni wote wawili na mkataba, tuusome mstari kwa mstari. Lakini msije kabla ya Jumamosi mchana, na mkija msigonge mlango kwa nguvu.

Dada yako