Dada, safari hii sisemi hatujambo

Dada yangu, shikamoo.

Ama baada ya salamu, leo siandiki kwamba sisi huku wazima, maana maneno hayo ndiyo niliyoyatumia kukuficha.

Mama alianguka uani mwezi wa Rajabu, akavunjika nyonga. Tukakubaliana usiambiwe, usije ukahangaika peke yako huko Hamburg. Kila ulipopiga video tulimkalisha, tukamfunika miguu kwa kanga mpya, naye akakwambia hajambo. Ulipokuja kujua kwa watu baki ukalia, ukasema, "Mmenifanya mgeni." Naandika hadharani kwa sababu nyumba nyingi hapa Unguja zenye mtu ng'ambo hufanya vivyo hivyo.

Juzi nilipita Mtoni, kwenye magofu ya kasri alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, mwaka 1844, nikakukumbuka. Naye aliishi Hamburg. Zama zile wasichana wa kasri walisomeshwa Kurani, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, mwandishi wa barua za njama alikuwa ni huyo binti wa miaka 15.

Mwaka 1866 alitoroka na meli ya Waingereza hadi Aden, ana mimba ya Mjerumani. Huko akabatizwa, akaolewa. Kisha ukaja mwaka 1870: Agosti mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo, Oktoba akafariki Majid. Aliyekalia kiti akawa Barghash, na yule yule aliyeandikiwa barua na dada yake ndiye aliyemfungia mlango. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda huko, hakuonana naye. Mwaka 1885 alifika mpaka hapa Unguja, kwao, pamoja na manowari za Wajerumani. Kaka hakumpokea. Watu wa mjini walimwamkia, dada, lakini kaka hakumpokea!

Nilisimama pale Mtoni nikaona haya. Sisi hatukukufungia mlango kwa hasira, tulikufungia kwa huruma, nawe ukabaki nje vile vile.

Basi pokea habari kamili. Mama anatembea kwa mkongojo mpaka chooni, hafiki barazani. Usiku analia maumivu. Nusu ya shamba la mikarafuu la Baba tumeliuza kulipia upasuaji. Hilo nalo hukuambiwa, na lilikuwa lako pia.

Piga jioni baada ya Magharibi. Kanga nitaiondoa, uione miguu yake.